Usiuze picha ya nyanya: uza mbegu inayofaa shamba la mteja

Leo naongea na wanaouza mbegu za mboga mtandaoni. Wale wa WhatsApp, Instagram na Facebook, wenye stoki kwenye droo la kabati na boda mmoja wa kupeleka mzigo stendi. Na mimi ni mmoja wenu. Kama unauza miche, mbolea au hata magunia ya kupandia mboga, soma pia, maana mteja wetu ni yuleyule.

Msimamo wangu nauweka mapema. Biashara ya mbegu mtandaoni inaharibiwa na kitu kimoja: watu wanauza mbegu kama wanavyouza viatu. Mtu anapiga picha pakiti, anabandika picha ya nyanya nyekundu zimejaa tenga, anaandika "inazaa sana, inastahimili magonjwa, karibu inboksi". Mteja anatuma pesa, mzigo unaondoka. Hakuna aliyeuliza shamba liko wapi.

Sasa fikiria tofauti. Kiatu kikibana, mteja anajua siku hiyohiyo, na kesho kinarudi. Mbegu haiko hivyo. Mkulima anaotesha kitalu, anasubiri miche wiki nne hivi, anahamishia shambani, anapalilia, anapiga dawa, anamwagilia. Atakuja kujua kwamba aina uliyompa haifai baada ya miezi miwili au mitatu. Hapo ameshalipa trekta, vibarua, mbolea na mafuta ya pampu. Wewe ulichukua pesa ya pakiti tu, yeye amepoteza msimu. Hata ukimrudishia hela ya pakiti, hujamrudishia chochote.

Ndiyo maana nasema kuchagua aina ya mbegu ni kazi ya muuzaji pia, si ya mkulima peke yake. Na ni kazi ambayo muuzaji mdogo anaweza kuifanya vizuri kuliko duka kubwa, kwa sababu wewe unachati na mteja mmoja mmoja.

PICHA HAINA UDONGO

Mtandao umejaa picha za ajabu. Umeziona stroberi za bluu? Hizo ni picha zilizopakwa rangi kwenye kompyuta. Na hata stroberi za kawaida nyekundu, wakulima hawapandi mbegu, wanapanda miche inayotokana na vitawi vinavyotambaa, kwa sababu mbegu yake haitoi mmea unaofanana na mama. Kwa hiyo anayekuuzia "mbegu 500 za stroberi ya bluu" anakuuzia hadithi.

Mwaka 2020 Marekani walipata kisanga. Maelfu ya watu walipokea kwa posta vipakiti vya mbegu ambavyo hawakuviagiza, vingi vikiwa na mihuri ya posta ya China, vingine vimeandikwa kuwa ndani kuna vito. Wizara yao ya Kilimo ikawaambia wasizipande. Mwezi Septemba mwaka huohuo Amazon ikazuia wauzaji wa nje ya nchi kuingiza mbegu na mimea Marekani kupitia soko lake. Hofu ilikuwa rahisi kuielewa: mbegu usiyojua ilikotoka inaweza kuja na gugu, ugonjwa au mdudu mgeni.

Kwetu hapa mbegu kutoka nje zina taratibu zake za vibali na ukaguzi wa afya ya mimea. Kwa hiyo ukiona mtu anaagiza vipakiti kwenye mitandao ya nje, vinakuja kwenye bahasha, kisha anaviposti kama "mbegu za Ulaya, ubora wa juu", usimwonee wivu. Zaidi ya sheria, kuna swali la kilimo lenyewe: mbegu nzuri ya Ulaya ni nzuri kwa Ulaya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kitunguu. Kitunguu hakianzi kujaza chini kwa sababu umekiwekea mbolea. Kinaanza kinapopata urefu fulani wa mchana. Aina za nchi za kaskazini zinahitaji mchana wa saa 14 hadi 16. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, unapanda na kushuka kidogo tu. Mpelekee mkulima wa Mang'ola au Ruaha Mbuyuni mbegu ya namna hiyo, atapata majani ya kijani ya kupendeza na shingo nene, halafu chini hakuna kitu. Mbegu ilikuwa hai, iliota vizuri, pakiti ilikuwa halisi. Ila haikuwa ya hapa.

Na spinachi je? Ile tunayoiita spinachi sokoni, yenye majani makubwa na bua jeupe nene, wengi wanapanda aina ya Fordhook Giant. Kwa wenzetu hilo ni zao jingine, ndugu wa bitiruti. Spinachi ya kwao ni mmea mdogo unaopenda baridi, joto likizidi unakimbilia kutoa maua. Mteja wa Mbagala akinunua pakiti ya nje iliyoandikwa spinachi kwa lugha yao, ataota kitu ambacho mama wa genge hakitambui.

MASWALI MANNE KABLA YA BEI

Nimeuza mbegu kwa kuchati kiasi cha kutosha kujua kwamba meseji ya kwanza ya mteja huwa inafanana:

"Kaka habari, mbegu za nyanya zipo?"

Muuzaji mwenye haraka anajibu bei. Mimi najibu hivi: "Zipo dada yangu. Shamba lako liko wapi?"

1. Wapi? Nyanya ya Kibaha na nyanya ya Lushoto hazipati hali ya hewa moja. Pwani usiku ukiwa wa joto sana maua ya nyanya yanapukutika bila kushika tunda. Kwa hiyo mteja wa Kibaha, kabla hata ya aina, anahitaji kuambiwa alenge miezi yenye ubaridi, ya katikati ya mwaka, na achague aina inayosifika kushika matunda kwenye joto. Kabichi ni hivyohivyo: kwenye joto kali nyingi hazifungi vizuri, zinabaki majani. Copenhagen Market ni kabichi nzuri, ndogo, ya duara na inawahi, lakini inapenda ubaridi. Ukiiuza kwa mtu wa bonde lenye joto bila kusema neno, umemtega.

2. Lini, na maji yanatoka wapi? Anayelima masika anakutana na ukungu na mabaka ya majani. Anayelima kiangazi kwa umwagiliaji anakutana na inzi weupe wanaoeneza ugonjwa wa majani kujikunja, ule wengi wanauita rasta. Aina inayompa unafuu wa kwanza si lazima impe unafuu wa pili. Kitunguu kikipata mvua nyingi wakati wa kukomaa kinaoza, hata kiwe aina gani.

3. Unamuuzia nani, au unakula mwenyewe? Hili swali ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye pesa.

Chukua nyanya. Mkulima wa Ilula anayepeleka Dar anahitaji nyanya ngumu, yenye ganda la kuhimili tenga, lori na kupakuliwa sokoni. Rio Grande, Cal J na Roma VF zilipata umaarufu kwa sababu hiyo. Tanya na Tengeru 97, zilizotokana na kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha, nazo zinapendwa kwa ganda gumu na kukaa muda mrefu. Money Maker ni nyanya ya duara, tamu kwenye kachumbari, lakini ganda lake ni jembamba na mti wake ni mrefu unaohitaji miti ya kuegemea. Kwa bustani ya nyumbani inapendeza. Kwa lori la masafa marefu, itafika rojo.

Kitunguu tena. Texas Grano ni kikubwa, chepesi kwa ukali, cha rangi hafifu. Kinapendeza kwenye saladi, ila hakikai muda mrefu baada ya kuvunwa. Red Creole ni chekundu, kikali zaidi, na kinatunzika. Kama mkulima wako ana mpango wa kukiweka ghalani asubiri bei ipande, ukimpa Texas Grano utakuwa umemharibia mpango siku unayompa pakiti. Na wateja wetu wengi sokoni wanataka chekundu, hilo halihitaji utafiti, pita tu sokoni uone.

Karoti vivyo hivyo. Nantes ni ndefu, ya mviringo kama bomba, inapendeza kwenye rafu ya duka, lakini inataka udongo laini na wenye kina. Chantenay ni fupi, nene mabegani, inavumilia zaidi udongo mzito. Mteja mwenye udongo wa mfinyanzi ukimpa Nantes atavuna karoti zilizogawanyika miguu kama suruali.

Na pilipili hoho: wapo wanaouliza "una mbegu ya hoho nyekundu?" California Wonder huanza ya kijani, ukiiacha mtini ikaiva inakuwa nyekundu. Mteja anayeuzia hoteli anahitaji kujua hilo, pamoja na ukweli kwamba kuisubiri iive kunachukua wiki zaidi na kuna hatari zaidi ya wadudu. Ya njano ndiyo aina nyingine.

4. Utaihudumia vipi? Kuna nyanya fupi na nyanya ndefu. Fupi inakua, inasimama, inatoa matunda mengi kwa kipindi kifupi. Ndefu inaendelea kupanda na kuzaa kwa miezi, lakini inadai nguzo, kamba, kupogolewa kila wiki na mtu wa kuifuatilia. Anna F1, kwa mfano, ni ndefu, na wengi wanaipanda kwenye banda kitalu. Ukimuuzia mama mwenye ndoo sita uani kwake, atahangaika nayo. Ukimuuzia mwenye banda kitalu nyanya fupi, atalipia nafasi ya juu ambayo mmea hautafika.

Maswali haya manne yanachukua dakika tano. Sijui biashara gani nyingine dakika tano zinaokoa miezi mitatu ya mtu.

F1 SI CHEO

Kuna maneno yameenea kwamba mbegu chotara, yaani F1, ndiyo mbegu ya kisasa, na hizi nyingine ni za kizamani. Siafiki.

F1 maana yake ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti waliochaguliwa. Faida zake ni za kweli: mimea inalingana, mavuno huwa makubwa ikihudumiwa, na nyingi zimetengenezwa zikiwa na ukinzani wa magonjwa fulani. Kwa mkulima wa biashara mwenye maji ya uhakika, mbolea na mtaji wa dawa, F1 nzuri inalipa na mimi namshauri achukue bila kusita.

Lakini mambo mawili lazima umwambie mteja. La kwanza, mbegu atakazokamua kutoka kwenye matunda ya F1 hazitazaa kitu kilekile. Msimu wa pili atapata mchanganyiko: mti mmoja hivi, mwingine vile. Kwa hiyo kila msimu atanunua upya, na aingize hiyo kwenye hesabu yake. La pili, F1 isiyolishwa haitoi mavuno ya kwenye picha. Mtu asiye na hela ya mbolea ukimuuzia mbegu ya bei ya juu, umemwongezea gharama tu.

Mbegu za kawaida, zile zinazochavusha zenyewe na kubaki na tabia zake, zina wateja wengi halali. Nyanya, bamia, mchicha, mnavu, ngogwe. Mkulima anaweza kuchagua mti wenye afya, akaacha matunda yake yaive kabisa, akatunza mbegu. Wapo wauzaji wanaoficha jambo hili wakiogopa mteja hatarudi. Mimi nalisema waziwazi. Mteja aliyeambiwa ukweli kuhusu mchicha anarudi kwa kabichi, kwa sababu kabichi hapa kwetu pwani haitoi maua ya mbegu na lazima anunue.

Na kwenye mboga zetu za asili kuna soko ambalo wauzaji wa mtandaoni tunalipita tukikimbilia nyanya. Watafiti wa Tengeru wametoa aina zilizoboreshwa: mchicha wa Madiira, mnavu wa Nduruma, ngogwe ya Tengeru White. Mnavu na mchicha ulioboreshwa faida yake kubwa ni kuchelewa kutoa maua, maana ukishaanza maua, majani yanapungua. Mteja wa bustani ya mjini anaanza kuvuna mchicha ndani ya wiki tatu au nne. Anafurahi mapema, anapiga picha, anakutangaza bure. Nyanya itamchukua miezi.

SOMA LEBO, USIMSOMEE MTEJA TANGAZO

Ukichukua pakiti, geuza nyuma. Mambo ya kutazama: jina la zao na aina, namba ya bechi, asilimia ya uotaji, tarehe ya kupimwa na ya mwisho wa matumizi, uzito au idadi ya mbegu, na kama imepakwa dawa. Mbegu nyingi za rangi ya waridi, bluu au kijani zimepakwa dawa ya ukungu. Mwambie mteja asiziache watoto wazichezee, na zikibaki asipikie wala asilishe kuku.

Kwa nyanya na mazao mengine utakutana na herufi. Ile "VF" ya Roma VF si pambo. V na F ni ukinzani dhidi ya magonjwa mawili ya mnyauko yanayosababishwa na fangasi wa kwenye udongo. N ni minyoo fundo. TYLCV ni ile rasta. Baadhi ya kampuni huandika HR kwa ukinzani wa juu na IR kwa ukinzani wa kati. IR maana yake ugonjwa ukiwa mkali, au mmea ukiwa na njaa na kiu, bado utaumwa. Kwa hiyo usiandike "haishambuliwi na magonjwa". Andika magonjwa yaliyotajwa kwenye lebo, basi.

Na tafadhali, usiandike "inastahimili kantangaze". Yule mdudu anayechimba majani na matunda ya nyanya ameshawalaza njaa wakulima wengi. Dhidi yake wakulima wanategemea mitego, kuondoa masalia ya mazao, kubadilisha zao na dawa zinazopokezana. Kumwambia mtu kwamba pakiti itamlinda ni kumfanya alale usingizi wakati mdudu anaingia shambani.

Kuhusu sheria, kwa Tanzania Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka wafanyabiashara wa mbegu wasajiliwe, na TOSCI, yenye makao makuu Morogoro, ndiyo inayosimamia ubora. Kuuza kupitia simu hakukuondoi kwenye sheria hiyo. Nenda uulize utaratibu kabla hujaongeza stoki. Walio Kenya wana KEPHIS, na lebo yao ina sehemu ya kukwangua yenye namba ya kutuma kwenda 1393 ili kuhakiki. Mfundishe mteja wako kuhakiki mbegu yeye mwenyewe. Ukimfundisha hivyo, unajitenganisha na matapeli bila kumtukana mtu.

Ndio maana pia napinga tabia ya kufungua kopo kubwa na kupima kwa kijiko kwenye vifuko vya nailoni. Najua kwa nini inafanyika: mteja wa ndoo sita hahitaji gramu 50. Lakini kile kifuko hakina bechi, hakina tarehe, hakina jina la aina. Ikitokea mbegu haijaota, huna pa kushika na mteja hana pa kushika. Nunua pakiti ndogo zilizofungwa na kampuni, hata kama faida kwa gramu ni ndogo.

JIFUNZE HESABU YA EKA

Swali la pili maarufu ni "eka moja nachukua mbegu kiasi gani?" Wengi wanajibu kwa kukisia, na wanakisia kwa juu ili wauze zaidi. Hesabu ni rahisi, ifanye na mteja akiona.

Eka moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Nyanya ikipandwa sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya miche, kila mche unachukua mita za mraba 0.375. Gawanya: miche kama 10,800. Kama lebo inasema uotaji ni asilimia 85, unahitaji mbegu kama 12,700. Ongeza kidogo kwa ajili ya miche itakayokufa na ya kujazia mapengo, unafika kama 14,000. Gramu moja ya nyanya ina mbegu kama 300. Kwa hiyo gramu 50 hivi zinatosha. F1 mara nyingi huuzwa kwa idadi, hapo unahesabu mbegu moja kwa moja.

Mteja akiiona hesabu hiyo kwenye meseji, hajadili bei kama zamani. Anaona anaongea na mtu anayejua kazi.

MBEGU NI KITU KILICHO HAI

Mbegu inapumua. Joto na unyevu vinaizeesha. Wataalamu wa kuhifadhi mbegu wana kanuni ya makadirio kwamba kila joto likipungua kwa nyuzi 5 hivi, au unyevu wa ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, umri wake unaongezeka mara mbili. Sasa pima kinyume chake: pakiti iliyokaa kwenye kibanda cha bati Dar mwezi Januari, au kwenye dashibodi ya gari juani.

Weka stoki kwenye chombo kinachobana, sehemu yenye ubaridi na kivuli. Kitunguu usikiweke stoki kubwa kabisa, kinachoka haraka kuliko mboga nyingi; baada ya mwaka mmoja kwenye joto letu usikiamini bila kukipima. Nyanya na matango hukaa miaka kadhaa zikitunzwa.

Kupima ni bure. Chukua mbegu 100 za kawaida, au 20 kama ni F1 za bei, zipange juu ya tishu iliyolowana, funika, weka kivulini. Hesabu zilizoota baada ya siku 7 hadi 10. Pilipili na karoti zipe hadi wiki mbili. Piga picha. Hiyo ndiyo picha ya kuweka stetasi, si ya nyanya za mtandaoni. Andika: "Bechi hii nimeipima mwenyewe wiki hii, zimeota kadhaa kati ya 100", ukitaja namba yako halisi.

"LAKINI NITAPOTEZA WATEJA"

Hili najua litasemwa. Mtu kaja na hela mkononi, wewe unamuuliza maswali, anahama kwenda kwa mwingine anayejibu bei kwa sekunde mbili.

Ni kweli, wengine wataondoka. Ila tazama biashara hii inavyoenda. Mboga hupandwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mkulima mmoja wa nyanya anayefanikiwa anaweza kununua misimu miwili, na ana majirani. Kijijini shamba linaonekana: likistawi, watu wanauliza mbegu umetoa wapi, likifeli, wanauliza vilevile. Jina lako litatajwa kwa namna moja kati ya hizo mbili. Muuzaji wa viatu anaweza kuishi kwa wateja wapya kila siku. Sisi tunaishi kwa msimu unaofuata.

Wengine watasema, "mkulima ndiye anayejua, mimi ni nani nimfundishe?" Mkulima mzoefu anajua, na huyo atakujibu maswali manne kwa sentensi moja na utajifunza kwake. Lakini angalia wateja wa mtandaoni ni akina nani: mwajiriwa mwenye eka mbili Bagamoyo, kijana aliyemaliza chuo, mama wa nyumbani mwenye uwanja mdogo, mstaafu aliyepata mafao yake. Wengi ni wageni wa kilimo. Mstaafu anaweka mafao kwenye shamba la vitunguu kwa kuamini posti yako. Hapo huwezi kusema wewe ni muuzaji tu.

NINACHOKUSHAURI KUANZIA WIKI HII

Punguza orodha. Badala ya aina 40 usizozijua, chukua aina 8 au 10 na uzijue kama unavyojua watoto wako: zinapenda wapi, zinachukua siku ngapi, zinakaa sokoni muda gani, udhaifu wake ni nini. Udhaifu uuandike pia. Posti iwe hivi:

"RED CREOLE. Kitunguu chekundu, kikali, kinatunzika ghalani. Kinafaa mchana wetu wa saa 12. Oteshea kitalu, hamisha baada ya wiki 6 hadi 8. Hakitaki mvua nyingi wakati wa kukomaa, panga tarehe zako. Pakiti imefungwa na kampuni, tarehe na bechi nakutumia picha. Nitajie shamba lilipo kabla ya kulipia."

Mteja mpya mshauri ajaribu kwanza. Mistari mitatu ya aina moja, mistari mitatu ya nyingine, shamba lilelile, mbolea ileile, kabla hajaweka eka nzima. Atanunua pakiti mbili ndogo leo, na msimu ujao atanunua kubwa akiwa na uhakika.

Weka daftari: jina la mteja, mahali, aina, bechi, tarehe. Baada ya wiki mbili mtumie meseji: "Dada, miche imeotaje?" Baada ya miezi mitatu uliza mavuno. Misimu miwili tu, daftari hilo litakuwa linajua aina gani inafanya vizuri Kibaha na ipi inafeli Kigamboni, kitu ambacho hakuna pakiti imeandika.

Na ukiulizwa aina ambayo haifai kwa mteja, sema haifai. Hata kama ndiyo pekee uliyobaki nayo kwenye droo. Mwelekeze kwa mwenzako mwenye inayofaa. Ataagiza miche ya pilipili kwako wiki ijayo, subiri uone.

Wewe unauza mbegu gani, na wateja wako wako mkoa gani? Andika hapa chini, na utaje aina moja uliyoona inafanya vizuri kwenu na sababu yake. Wenzetu wengi watanufaika na jibu lako kuliko na posti yangu hii.